Wapagazi Machoni mwa Adelina

Uliyekosa ya wiki jana usijute, hukukosa heri. Ulikosa tu kumwona mama mkwe akimshika Adelina Komba mkono wa kuagana pale stendi, akapandisha vidole hadi juu ya kiwiko, akaminya kama mtu anayechagua parachichi, akakikuta kijiti cha uzazi wa mpango kimejilalia chini ya ngozi.

Safari ya mama mkwe kurudi Songea iliahirishwa siku moja. Kesho yake kijiti kilitolewa.

Jonas, mumewe, alipigiwa simu. Jonas ni dereva wa malori, leo Tunduma, kesho Lubumbashi, nyumbani Tegeta anakuja kama mvua za vuli: zikitaka. Alisikiliza kesi yote, akasema, "Mama ni mama," simu ikakata. Mpaka leo Adelina hajui kama ni mtandao au ni Jonas.

Basi akabaki na umri wake wa miaka thelathini na minne, na tumbo lililopasuliwa mara tatu kwa watoto watatu ambao sasa wanasoma huko huko Songea kwa bibi yao. Na maneno ya daktari: "Mama, mfuko umechoka. Mimba nyingine usiijaribu."

Jonas alikuwa anategemewa mwisho wa mwezi.

*

Ukitaka kuujua upweke, uza mashada ya msibani.

Kibanda cha Adelina kipo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Muuza chipsi wa jirani ana wateja wanaomwita kwa jina. Fundi viatu ana wazee wanaokuja kubishana mpira. Adelina ana watu wanaofika macho mekundu, wanaonyesha shada kwa kidole, wanaondoka bila kuaga. Nani atamwambia muuza mashada "tutaonana"? Mama mmoja mstaarabu aliwahi kujitahidi. "Asante sana dada yangu," alisema, "Mungu atuepushe tusionane tena."

Adelina alicheka wiki nzima. Alicheka peke yake, maana hakuwa na wa kumhadithia.

Kwa hiyo alipoingia zahanati asubuhi ile kutafuta njia nyingine ya mpango, alikuwa na maneno ya miezi mitatu yamemjaa kifuani.

Nesi alikuwa mwanamke mnene, miwani imening'inia puani. Akasoma kadi.

"Adelina Komba. Komba! Mngoni wewe?"

"Mngoni wa Peramiho. Na wewe je?"

"Naitwa Nyamizi. Wa Tabora."

Wakatazamana. Watu wa kwetu hamhitaji kuelezwa. Mngoni na Mnyamwezi ni watani wa jadi; wakikutana, adabu inaomba ruhusa inatoka nje.

"Kumbe mtumwa wangu!" nesi akapiga meza. "Umekuja kwa miguu yako mwenyewe, wala sikukutuma mtu!"

"Nimekuja kukagua wapagazi wetu kama mmeshatua mizigo. Naona wewe umeihamishia kiunoni."

Benchi zima la akina mama liliangua kicheko. Adelina akahisi kitu kimefunguka ndani yake, kama dirisha lililopigwa misumari. Mwaka mzima hakuwa amemchekesha mtu.

Akasema anataka vidonge vya majira. Nesi akatoa karatasi ya maswali, akavaa miwani sawasawa.

"Haya mtani, hapa sasa ni kazi. Vidonge hivi vya vichocheo viwili ni vizuri, lakini si vya kila mtu. Nakuuliza, unajibu. Una mtoto anayenyonya, chini ya miezi sita?"

"Wa mwisho ana miaka mitano. Akinyonya sasa hivi ni wa kwenu Tabora."

"Unavuta sigara?"

"Navuta moshi wa malori."

"Nisikilize we mtumwa. Mwanamke aliyevuka thelathini na tano na anavuta sigara simpi hivi vidonge. Unavuta?"

"Sivuti."

"Umewahi kuvimba mguu mmoja, ukaambiwa damu imeganda? Ini? Kisukari? Uvimbe wa ziwa?"

"Hapana. Hapana. Hapana. Hapana, jamani, unanitafutia msiba?"

"Sikutafutii, msiba wako nautaka. Nile wali nishibe." Akamfunga ule mpira wa presha mkononi, akapima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Presha ya mwanafunzi. Swali la mwisho. Unaumwaga kichwa?"

"Kinanigonga, ndiyo. Kila mwezi mara moja au mbili."

"Kabla hakijaanza, machoni unaona nini? Vimulimuli, mistari inayometameta, giza upande mmoja?"

Hapa, msomaji, weka kidole.

Adelina tangu ana miaka kumi na tisa, kichwa kikitaka kuanza, anaona kitu. Kinaanzia pembeni ya jicho. Ni msururu wa vitu vidogo vinavyong'aa, vyenye kona kona, vinatembea kwa foleni kutoka upande huu kwenda upande ule, taratibu, kama watu waliobeba mizigo kichwani. Robo saa hivi. Vikimaliza kupita, kichwa kinapasuka. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na sasa ameulizwa. Na aliyeuliza ni Mnyamwezi.

"Naona wapagazi," alisema. "Wanyamwezi foleni nzima, mizigo kichwani, wanatoka pwani."

Nyamizi alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akina mama wa kwenye benchi wakapigana mabega. Nesi akajifuta machozi kwa kiganja, akachukua kalamu, akatia alama kwenye HAPANA.

Adelina alikuwa amesema kweli tupu. Ila aliisema kwa mtani, na kwa mtani kweli haihesabiwi.

*

Vidonge na kadi ya zahanati alivificha kwenye kopo la herufi.

Ni kopo la maziwa ya unga, lina herufi za karatasi ya dhahabu anazobandika kwenye utepe wa shada. Chini kabisa zimekaa Q na X, ambazo hakuna marehemu wa Tegeta aliyewahi kuzihitaji. Hapo chini ya Q na X ndipo pakiti ilipolala. Jonas alikuja, akakaa siku nne, akaondoka. Hakufungua kopo. Wala hakuuliza mkono ulipona vipi pale kijiti kilipochomolewa.

Simu ya Adelina ilikuwa inalia mara moja kwa siku, saa moja asubuhi. Hakuwa mtu. Ilikuwa kengele ya kidonge.

"Naam," anaiambia, "nimekusikia, naja."

Lakini mwezi ukiisha, pakiti imeisha, na pakiti ikiisha kuna kurudi kwa Nyamizi! Siku hiyo Adelina anaoga mara mbili. Anapanga maneno usiku kucha kama mtu anayeenda kutoa ushahidi. Wewe una birthday, una Krismasi, una Idi. Adelina alikuwa na tarehe ya kuchukua vidonge.

"Mtani, bado hujafa tu?"

"Nakusubiri wewe utangulie, nikufanyie bei ya jumla."

"Na wapagazi wangu je, wanapita?"

"Wanapita. Mmoja nimeona kama baba yako."

Benchi chali.

Walikuwa wanapita kweli. Tena tangu aanze vidonge walikuwa wanapita mara nne, mara tano kwa mwezi.

*

Mwezi wa pili mbele yake kwenye foleni kulikuwa na binti mmoja, Naima, fundi cherehani wa Manzese aliyeolewa Tegeta. Binti mpole, hana utani na mtu. Mlango wa chumba cha nesi haufungi vizuri, kwa hiyo maswali ya Naima yalisikika mpaka kwenye benchi.

"Kabla kichwa hakijauma, machoni unaona nini?"

"Naona kama vioo vimevunjika, sista. Vinametameta. Halafu ndiyo kinaanza."

Kiti kikasogezwa.

"Naima, nisikilize vizuri mwanangu. Hicho ni kipandauso, na ni kile chenye mataa. Mwenye hicho simpi kidonge cha vichocheo viwili hata aje na barua ya mkuu wa wilaya."

"Kwa nini, sista?"

"Kina kichocheo kinachoweza kuifanya damu igande. Kwa wanawake wengi hakina neno, wanakunywa miaka na miaka. Kwa mwenye mataa, damu inaweza kuganda ikaziba ubongoni. Kiharusi, mwanangu. Hakiulizi kama wewe ni bibi au ni binti."

Adelina alikuwa ameshika kadi yake. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Usiogope, njia zipo," nesi aliendelea. "Kuna vidonge vya kichocheo kimoja, hivyo unaweza. Kuna kitanzi cha shaba, hakina kichocheo hata kimoja. Nakuweka leo, unarudi mara moja nikuangalie, basi. Kinakaa miaka kumi. Hutakuwa na haja ya kuniona miaka kumi!"

Naima akachagua kitanzi.

Sasa, mtu mwenye akili zake angeingia mle chumbani akasema, "Nesi Nyamizi, tuache utani. Ile foleni ya wapagazi ni ya kweli." Ni maneno kumi na moja tu. Na angeambiwa kuna vidonge vingine, vya kichocheo kimoja, ambavyo angeendelea kuvifuata mwezi kwa mwezi na vicheko vyake vyote.

Lakini Adelina hapo hakusikia vidonge vya kichocheo kimoja. Masikio yake yalikamata maneno mawili tu. Miaka kumi.

Miaka kumi bila mtu wa kumwambia "mtumwa wangu". Miaka kumi ya Mungu-atuepushe-tusionane-tena.

Zamu yake ikafika.

"Mtani! Haya lete habari. Wapagazi wangu bado wanapita?"

Na hapa hakuna wa kumsingizia. Si mama mkwe, si Jonas, si mtandao. Adelina alikaa, akavuka mguu, akatabasamu.

"Wameshafika Ujiji," alisema. "Wametua mizigo, wamelala."

Mara ya kwanza alikuwa amesema kweli ikaonekana utani. Mara hii alitania, na ulikuwa uongo. Yeye peke yake ndiye aliyejua tofauti, na aliibeba pakiti mpya ndani ya sidiria mpaka nyumbani bila kucheka njiani.

*

Jumanne ya wiki tatu baadaye, saa tatu asubuhi, alikuja mteja. Edgar, mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, shati jeupe, kola imekaa. Mwalimu mwenzao alifariki, wenzake wamemtuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole na msiba. Utepe tuandike nini?"

"Andika PUMZIKA MWALIMU."

"Huyo kweli apumzike. Mnawapigia kelele watoto mpaka mie huku nimejifunza hesabu."

Edgar akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Adelina akafurahi. Akainama kukata utepe.

Wapagazi wakatokea.

Safari hii hawakuja kwa foleni. Walikuja kundi, wanakimbia, kama wamesikia risasi. Akafumba macho wapite. Alipofumbua, mkasi ulikuwa chini. Hakuusikia ukianguka. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya meza kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

Alitaka kusema "samahani". Kilichotoka ni "sssm".

"Mama? Unaumwa?"

Akajaribu tena. Maneno yote yalikuwepo, ameyapanga kichwani kama mashada ukutani, ila mdomo haukuyashika.

Simu. Mkono wa kushoto ukaipapasa, ukaitafuta ile namba aliyoiandika MTANI. Ikaita mara moja tu.

"Mtumwaaa! Leo si tarehe yako!"

"Nnn... nnya... mm... mkk..."

Kikaja kicheko, kile cha kuangusha miwani.

"Hee! Saa tatu asubuhi ulanzi umeshapanda? Jamani njooni msikilize, Mngoni wangu amelewa!" Sauti ikabadilika, simu imewekwa spika. "Endelea mtani, sema tena, wenzio wanakusikia!"

"Nnya... mi..."

Benchi zima likacheka. Alilijua kila koo. Alikuwa ameishi miezi mitatu kwa ajili ya kicheko kile.

"Kalale mtani, pombe iishe. Nina wagonjwa." Simu ikakata. Safari hii haukuwa mtandao.

Edgar alikuwa ameshasimama, hajui ashike wapi. "Mama, nimwite nani? Mume wako yuko wapi? Ndugu?"

Nani?

Adelina alilivuta kopo kwa mkono wa kushoto, likapinduka. Herufi za dhahabu zikamwagika mezani, na pakiti ya vidonge ikatoka chini ya Q na X, ikakaa juu ya herufi zote hadharani. Akaanza kutafuta. W. A. Mwalimu alidhani amechanganyikiwa, anataka kumaliza kazi ya utepe. P. A. Mate yalikuwa yanamtoka upande mmoja na hajui. G. A. Z. I.

"Wapagazi?" mwalimu akasoma. "Wapagazi gani, mama?"

K. W. E. Kidole kikateleza kwenye L, ikadondoka. Edgar akaiokota, akaiweka mwenyewe, akamalizia na I. Ualimu ni ualimu.

WAPAGAZI KWELI.

Hakuelewa hata chembe. Lakini aliiona pakiti, akaiona kadi ya zahanati chini yake, akamwona mama wa watu amepinda kwenye kiti. Akazibandika herufi harakaharaka kwenye utepe, akautia utepe mfukoni, akatoka barabarani kusimamisha bajaji kwa mikono miwili.

*

Waliingia zahanati Edgar amembeba nusu, mguu wa kulia unakwaruza sakafu.

Nyamizi alikuwa mlangoni anaita mgonjwa. Aliwaona, akafungua mikono.

"Haya! Mlevi wangu kaletwa! Mwalimu, umemwokota mtaro gani?"

Akina mama wakaanza kucheka. Wengine walishaanza kusogea wampishe nafasi, maana Adelina akija hakuna anayesinzia.

"Mama nesi," Edgar alisema, "hajalewa." Akatoa utepe mfukoni, akaukunjua mbele yake.

Nyamizi aliona utepe wa shada, akajua ni utani wa kiwango cha juu. "Kumbe umeniletea na shada langu! Limeandikwaje, mtani, nime..."

Akasoma.

Ungeweza kukiona kicheko kinavyomwisha. Kilitoka machoni kwanza, kikashuka mashavuni, mdomo ukabaki wazi hauna kitu.

"Wale uliowaona," alisema polepole, "siku ile ya kwanza..."

Adelina akainamisha kichwa. Ndiyo.

"Na Ujiji?"

Adelina akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hiyo bajaji isiondoke!" Nyamizi alipiga kelele ambayo haijawahi kusikika pale. "Mtu ampigie daktari wa hospitali ya wilaya, mwambieni tunakuja! Saa ngapi ilianza? Mwalimu, saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi. Nilikuwa natazama saa, nina kipindi."

Nesi alipiga magoti sakafuni, unene wake wote. Akamshika kidevu kwa mikono miwili.

"Adelina."

Jina hilo hakuwahi kulitumia tangu siku alipolisoma kwenye kadi.

"Adelina, nitazame mimi. Cheka."

Naima, aliyekuja siku ile kukaguliwa kitanzi chake, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Cheka! Katika kazi zote alizowahi kupewa duniani, hii ndiyo nyepesi. Adelina alikusanya kila kitu alichokuwa nacho, mama mkwe na parachichi lake, yule mama mstaarabu, herufi Q na X, wapagazi na mizigo yao, akacheka.

Alijisikia amecheka vizuri. Akangoja na wao wacheke.

Hakuna aliyecheka. Machozi ya Nyamizi yalikuwa yanamdondokea kwenye mikono.

"Tena, mtani. Nakuomba. Cheka tena."

Akacheka tena, kwa nguvu zake zote, mdomo mzima.

Ni upande wa kushoto tu uliomwitikia.